Kuku Aliyebaki Kilimani

Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilipofika na majani asubuhi kwenye kituo cha utafiti, nyuma ya mtaa wa Katindo, Goma, Uwingabire aliyapokea matete langoni, akayakatakata kwa panga juu ya kigogo, akaanza kuwagawia mbuzi. Mbuzi walikula wakiwa wamesimama, kila mmoja akiegemea mguu wake mzima. Kati ya banda la kwanza na la pili Uwingabire alisimama, akashika goti lake la kushoto, akangoja kidogo. Kisha akaendelea kugawa.

"Ameshuka?" Dokta Lucie aliuliza kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Ameshuka, dokta. Leo amechelewa. Kule kuko mvua."

Dokta Lucie alitazama juu. Goma kulikuwa na jua. Alimaliza chai yake, akaingia ndani kuvaa glavu.

Aliyeshuka alikuwa kuku. Alikuwa kuku mwekundu mwenye shingo isiyo na manyoya, na alikuwa Masisi, huko milimani, kwenye nyumba ya Uwingabire, ambako Uwingabire mwenyewe hakuwa amefika tangu vita vilipowatoa. Kila asubuhi kuku huyo aliruka kutoka kwenye ufito wa jikoni aliolalia, akatua kwa mguu wa kushoto, na goti la Uwingabire likauma mara moja, kama mtu aliyejigonga kwenye kona ya meza.

Jambo hilo lilianza kwa ajali ya pikipiki. Siku moja Uwingabire alikuwa akitoka sokoni na mfuko wa chumvi, dereva akakwepa ng'ombe, pikipiki ikalala, goti likapiga jiwe. Mfupa ulivunjika ndani ya kiungo chenyewe. Mvua ilikuwa imeikata barabara ya hospitali, kwa hiyo mume wake, Niyonsenga, alimwita muzee Byiringiro, ambaye aliunga mifupa ya watu wa kilima kile kama baba yake alivyoiunga kabla yake. Muzee Byiringiro aliomba kuku. Alimvunja kuku mguu wa kushoto, mahali palepale, akaufunga kwa vijiti vya mwanzi na majani yaleyale aliyomfunga nayo Uwingabire.

Kule ndivyo inavyofanyika. Mgonjwa hafunguliwi mpaka kuku atembee. Kuku akishatembea, mgonjwa anafunguliwa, naye anatembea. Halafu kuku anachinjwa, na mgonjwa anamla pamoja na watu wa nyumba yake, ili jambo lifungwe. Akiliwa na mtu mwingine, goti linanyamaza na kubaki lilivyo. Lakini kuku mwenye mguu uliofungwa haliwi na mtu yeyote. Hata mwizi akiingia usiku, humpapasa miguu kwanza, na akikuta vijiti humrudisha kwenye ufito wake.

Kuku alitembea. Uwingabire alifunguliwa, akatembea naye. Siku ya kumla ilipangwa iwe Jumapili, baada ya ibada. Jumamosi milio ya risasi ilisikika bondeni, na kabla jua halijawa kali kilima kizima kilikuwa barabarani. Niyonsenga alibeba jembe na godoro lililokunjwa kwa kamba. Uwingabire alibeba sufuria, maharagi na Biblia. Kuhusu kuku, kila mmoja alijua kwamba mwenzake anaye. Watu wa kule wakikimbia humficha kuku ndani ya godoro lililokunjwa, asionekane njiani, kwa hiyo Uwingabire aliliangalia godoro mgongoni kwa mume wake, akatulia. Niyonsenga naye aliona kitenge cha mke wake kimevimba mbele, akadhani ni kuku. Yalikuwa maharagi. Waligundua walipoketi njiani, Sake, kunywa maji. Hawakulaumiana. Nyuma yao barabara ilikuwa imeshafungwa.

Katika mtaa wa Katoyi, Goma, walipata chumba cha mbao kilichosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Ni hapo goti lilipoanza kuleta habari. Mwanzoni Uwingabire alidhani ni baridi. Baadaye alizoea, na akaweza kutofautisha. Kuku akichakura udongo mkavu, goti lilikwaruza ndani kama mchanga. Udongo ukiwa umelowa, lilikuwa zito. Siku ambayo goti lilizama laini, hatua baada ya hatua, alimwambia Niyonsenga kwamba kuna mtu amelima karibu na jiko na kuku anapita kwenye matuta.

Niyonsenga alikuwa mtu wa maneno machache. Kila jioni, akitoka kubeba mawe kwa wajenzi, alinawa, akaketi kwenye kizingiti, akauliza habari za kule. Alitaka hasa kujua kuhusu parachichi walilopanda mwaka wa harusi yao, kama limezaa. Parachichi lilikuwa chini ya mteremko, na kuku hakwenda huko.

Majirani waliotoka kilima kilekile walikuja pia. Walikaa juu ya bidoni tupu za maji na kuuliza kama imenyesha, kama kuna mtu anapita njia ya mtoni. Léoncie, aliyekaa chumba cha pili, alikuja kila siku.

"Leo ile kuku yako iko nasema nini?"

"Inasema wewe unauliza sana."

"Mwambie atage haraka, mama. Mayai ya hapa Goma ni maji tu."

Kuku alipotaga aliatamia, na kwa muda wote huo goti la Uwingabire lilikaa limekunjwa, halikutaka kunyooka. Alikwenda kazini akichechemea, mwili umeinama upande mmoja. Majirani walimbebea maji bila kuombwa. Vifaranga walipotoka goti lilinyooka lenyewe asubuhi moja, na Léoncie akatoa pongezi.

Kazi ya mbuzi aliipata kwa sababu alijua kuwashika. Kwenye kituo kile Dokta Lucie Buhendwa, mtu wa Bukavu, alichunguza jambo moja tu: kwa nini goti lililovunjika ndani, hata likiungwa vizuri, baada ya miaka huanza kuuma, kuvimba na kukauka. Goma imejaa magoti ya namna hiyo, kwa sababu imejaa pikipiki. Kwa kuwa mtu hawezi kuvunjwa goti ili achunguzwe, walivunjwa mbuzi. Walilazwa usingizi kwa dawa, uzito mdogo ukadondoshwa juu ya goti, likaungwa, wakatunzwa. Baadaye kila mbuzi alipitishwa juu ya bamba la chuma lililopima ni kiasi gani cha uzito wa mwili wake anathubutu kukiweka kwenye mguu ule. Mwishoni walichinjwa bila maumivu, na magoti yakafunguliwa.

Siku ya kwanza Uwingabire alieleza kwa nini anachechemea, na kuhusu muzee Byiringiro, na kuhusu kuku. Dokta Lucie alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza ni mguu upi, na kama mvunjiko wa kuku uliingia ndani ya kiungo au uliishia juu yake. Kisha akafikiri.

"Mnyama wako ni muzuri, mama. Kuliko hawa wangu. Wangu wananionyesha goti lao tu, hawanionyeshi la mutu. Shida ni kwamba wako ni mmoja, na hatuwezi kumuona."

Baada ya hapo alimuuliza kila asubuhi kama kuku ameshuka. Mara moja, akiwa amekaa kwenye kigogo cha kukatia majani, alisema kwamba angependa kumuona yule kuku, hata kwa dakika chache tu. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayezungumzia ndugu aliye mbali. Uwingabire alimwambia kwamba yeye pia angependa.

Msimu wa mvua ulipokuwa katikati, kuku alifungwa kamba. Uwingabire aliisikia chini kidogo ya goti: kamba ya mgomba, iliyokazwa lakini si kwa ukatili. Kwa hiyo ndani ya nyumba alikuwamo mtu. Jioni ile alingoja mpaka Niyonsenga alipouliza. Alipomwambia, Niyonsenga aliitazama mikono yake, akauliza kama ni askari.

"Hapana. Askari hafungi kuku, anakula."

Siku zilizofuata alimjua mtu huyo kidogo kidogo. Alikuwa na mkono wenye maji, kama wa mwanamke aliyetoka kuosha vyombo, na kwenye kidole kimoja pete iliyokuwa baridi asubuhi. Mkono ulimnyanyua kuku na kumhamisha penye majani mapya. Siku nyingine ulimkanda mguu pale palipovunjika kwa kitu chenye joto na mafuta, pengine siagi. Uwingabire alikuwa akichota maji ya mbuzi, akalazimika kuweka ndoo chini. Tangu mama yake afe hakuna mtu aliyemkanda goti.

Alitaka kumchukia mwanamke yule. Alijaribu, akiwa amelala, akifikiria kizingiti chake, mawe yake ya kupikia, kona ya ukuta alipotundika ungo. Hakufika mbali. Yule pia bila shaka alitoka mahali fulani na godoro mgongoni.

Desemba ilipoingia kuku alianza kulishwa asubuhi na jioni. Goti likawa zito siku hadi siku. Hakuna mtu wa Masisi anayehitaji kuelezwa maana ya kuku kulishwa mara mbili Desemba. Niyonsenga aliwaza kutuma ujumbe kwa wauza fromaji, wale wanaoleta jibini kutoka Masisi, lakini wauza fromaji wenyewe walikuwa wamekwama upande wa pili, na mnara wa simu wa kule ulikuwa umeanguka. Léoncie kwa mara ya kwanza hakutania. Alisema watu wote wa kilima waombe, na wakaomba.

Uwingabire hakulia. Alipunguza tu mazungumzo. Dokta Lucie alimwona akikata matete bila kuyatazama, akamuuliza, akaambiwa. Sikukuu ya Noeli ikifika kuku ataliwa na watu wasiomjua, na kuanzia siku hiyo goti litakuwa goti la kawaida la mtu aliyevunjika, na nyumba itakuwa imekwenda kabisa.

Dokta Lucie alilitazama goti la Uwingabire. Kisha akauliza kama amewahi kujaribu upande wa pili.

"Upande gani, dokta?"

"Kuku akikanyaga, wewe unasikia. Wewe ukikanyaga, yeye anasikia?"

Uwingabire hakuwa amewahi kuliwaza hilo. Walimaliza kuwapimia mbuzi wa asubuhi, halafu akaketi juu ya kigogo, akanyanyua mguu wa kushoto, akaunyoosha, akaushikilia hewani. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Baada ya muda alihisi ardhi ya Masisi ikiondoka chini ya goti lake, kisha mruko mmoja mfupi, kisha mshtuko.

"Ameanguka," alisema. Akainama kidogo juu ya goti lake, akamwambia kuku: "Nisamehe, mama."

Dokta Lucie alisema basi njia inapitika pande zote mbili, akaenda kufungua banda.

Jioni hiyo Niyonsenga alitafuta mwanzi, akauchana vijiti, akavilainisha kwa kisu ili visimchome mke wake. Uwingabire alimwelekeza jinsi muzee Byiringiro alivyovipanga: viwili pembeni, vitatu nyuma. Walichana kitenge cha zamani, wakafunga kuanzia chini kwenda juu. Alipofungwa alisimama, mguu umenyooka kama mti wa uzio. Alitembea mpaka mlangoni na kurudi. Kilimani, kuku alianza kutembea vivyo hivyo, akiuburuta mguu mbele bila kuukunja.

Hapakuwa na kingine cha kufanya. Mtu asiyejua angesema kuku amelemaa na angemchinja haraka zaidi. Anayejua desturi angejua kwamba bado hajapona na haliwi.

Dokta Lucie alipouona mwanzi alimwita ndani, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Kwenye sinia kulikuwa na mifupa miwili ya magoti ya mbuzi. Mbuzi wote wawili walivunjwa sawa na kuungwa sawa. Mmoja aliachwa atembee, na kichwa cha mfupa wake kilikuwa cheupe na laini kama yai lililomenywa. Wa pili alifungwa plasta muda wote. Mfupa wake ulikuwa na mashimo na miinuko, kama barabara ya Goma kabla ya lami.

"Kiungo kisichokunjwa kinajila chenyewe, mama. Ukikaa hivyo, goti lako litakuwa kama hili."

"Naliona."

Dokta Lucie alisema pia kwamba mwezi wa pili watakuja waganga wa upasuaji kutoka nje, wa kutengeneza magoti, na anaweza kumwombea nafasi. Uwingabire aliuliza kama goti likishatengenezwa litaendelea kusikia. Dokta Lucie alifikiri kwa uaminifu. Alisema hajui. Hakuna mnyama ambaye jambo hilo limejaribiwa kwake.

"Basi waache watengeneze wengine," Uwingabire alisema, akamshukuru, akatoka kuwagawia mbuzi majani.

Siku ya Noeli hakwenda kanisani. Aliketi kwenye kizingiti, mguu umenyooka mbele yake. Katoyi yote ilinukia mafuta ya kukaanga. Niyonsenga alikaa kando yake, akiwa amevaa shati lake jeupe, naye pia hakwenda. Jua lilipopanda, goti lilihisi kamba ikilegezwa, kisha ardhi ikaondoka. Kuku alikuwa amenyanyuliwa. Mkono ulikuwa ni uleule, wenye pete.

Uwingabire alingoja. Alijua kwamba kisu hatakisikia, kwa kuwa shingo haikuwa yake. Goti lingenyamaza tu. Akamshika Niyonsenga mkono.

Kidole gumba kilipita juu ya goti, polepole, kikashuka, kikarudi. Kilibonyeza pale mfupa ulipoungana. Kikajaribu kuukunja mguu, na Uwingabire akakaza wake kwa nguvu zote, mpaka jasho likamtoka. Mkono uliacha. Kuku akawekwa chini.

Muda mrefu ukapita. Léoncie alileta sahani ya wali na sombe ya majani ya muhogo, akaiweka chini, akakaa nao. Alasiri, Uwingabire alisikia vijiti. Viliwekwa kimoja kimoja, viwili pembeni, vitatu nyuma, na kitambaa kikazungushwa kuanzia chini kwenda juu.

"Anamfunga," alisema.

Niyonsenga aliuliza anafunga namna gani. Akamweleza. Niyonsenga akayatazama mawe meusi ya uwanja.

"Basi ni mutu wa kwetu."

"Ni mutu wa kwetu."

Walikuwa wametamani iwe hivyo, kwa sababu mgeni angemla kuku. Sasa ilipokuwa hivyo, Niyonsenga alisema hajui kama ni heri au ni vibaya zaidi. Mtu wa kwao alikuwa ndani ya nyumba yao, anaijua desturi, anajua kwamba kuku aliyefungwa ana mgonjwa wake mahali fulani, na hakuwa na njia ya kutoka wala wao ya kurudi. Léoncie aliwasukumia sahani. Walikula.

Tangu siku hiyo mambo yamekuwa na utaratibu wake. Kila baada ya muda mwanamke wa kule humfungua kuku kuangalia kama anatembea. Uwingabire husikia vijiti vikiondolewa, naye popote alipo, bandani au kwenye foleni ya maji, husimama na kukaza vyake. Kuku anasimama mguu umenyooka. Mkono unangoja kidogo, unakanda siagi, unafunga tena. Akitembea ataliwa, kwa hiyo hatembei. Goti la Uwingabire limevimba na limeanza kugeuka ndani, na usiku husaga kama jiwe la kinu. Dokta Lucie humpiga radio, yaani picha ya mifupa, mara kwa mara na kumwonyesha, na picha kila mara ni mbaya kuliko ya nyuma. Wamekubaliana kutobishana tena. Kundi lile la mbuzi lilikwisha, likaja jingine. Magoti yalitiwa kwenye masanduku ya baridi na kupelekwa ng'ambo, ambako, Dokta Lucie alisema, watu wamefurahi sana nayo.

Barabara haijafunguliwa. Kila baada ya miezi hutangazwa kwamba itafunguliwa, na Niyonsenga anapaka jembe mafuta, halafu haifunguliwi.

Juzi Goma kulikuwa na mawingu na moshi wa volkano, na nguo hazikukauka. Uwingabire alikuwa ameketi nje, na ghafla joto likamwingia gotini, la upole, upande mmoja tu. Alimwambia mume wake kwamba mwanamke yule amemtoa kuku nje na kumweka juani, na kwamba yeye mwenyewe amekaa karibu naye, kwa sababu mara kwa mara kivuli kinapita na kuondoka.

Niyonsenga aliuliza wamekaa upande gani wa nyumba.

"Mbele ya mlango wa jikoni. Ndipo jua linafika kwanza."

Niyonsenga aliutengeneza mlango ule kwa mikono yake, kwa mbao za mkaratusi zilizokuwa bado mbichi, na tangu siku ya kwanza ulikwaruza sakafu. Kila mwaka alisema ataupunguza chini kwa randa. Alisogeza bidoni yake karibu na mke wake, akauliza kama bado unakwaruza.

Uwingabire alifumba macho, akajaribu. Alijaribu kwa muda mrefu, kwa kuwa aliyeuliza ni yeye.

"Goti halisikii mlango, papa," alimwambia mume wake.